Sinema Sebuleni: Prosesa na Amplifaya Zinazolingana na Chumba

Sauti ya filamu hupita mikononi mwa mitambo miwili kabla ya kufika kwenye spika. Wa kwanza ni priamplifaya, ambayo kwenye sinema za nyumbani siku hizi huitwa prosesa. Hupokea data kutoka kwenye kicheza diski, kisimbusi au kompyuta, huisimbua, huigawa kwa kila spika, hupanga kiwango na muda wake, kisha hutoa mawimbi dhaifu ya volti moja au mbili. Wa pili ni amplifaya ya nguvu, ambayo huyachukua mawimbi hayo na kuyakuza hadi yaweze kusukuma koni ya spika. Katika risiva ya kawaida kazi zote mbili zimo ndani ya kasha moja. Katika mfumo wa daraja la juu hutenganishwa.

Wauzaji hueleza utengano huo kwa sababu za sauti: transfoma kubwa ikikaa mbali na saketi nyororo za prosesa, mvumo hupungua, na joto la amplifaya halichomi vipuri vya jirani. Ni kweli, lakini sababu nzito zaidi ni umri. Amplifaya nzuri iliyotengenezwa miaka 20 iliyopita bado inafanya kazi yake leo, kwa sababu kazi yenyewe haijabadilika: volti chache kuingia, volti nyingi kutoka. Bryston ya Canada imekuwa ikizipa amplifaya zake dhamana ya miaka 20, na hakuna mtengenezaji wa prosesa anayethubutu kufanya hivyo.

Prosesa huzeeka upesi kama simu ya mkononi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwapo za maelfu ya dola zisizo na soketi ya HDMI, na wenyewe walizihesabu kuwa ununuzi wa maisha. Mwaka 2006 diski za Blu-ray ziliingia sokoni zikiwa na sauti isiyopunguzwa ya Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, ambayo njia yake ya kawaida ni kebo ya HDMI, na zile za zamani zikabaki mapambo. Mwaka 2014 Dolby Atmos, iliyokuwa imeanza kwenye kumbi za sinema mwaka 2012 kwa filamu ya Brave, ilifika majumbani na kudai spika za darini. Miaka miwili baadaye diski za 4K zilikuja na kinga dhidi ya kunakili ya HDCP 2.2, ambayo vifaa vingi vilivyokuwa dukani muda mfupi kabla havikuwa nayo. Mwaka 2020 baadhi ya risiva mpya kabisa zenye HDMI 2.1 zilishindwa kupitisha picha ya 4K ya fremu 120 kwa sekunde kutoka kwenye mashine za michezo, kwa kasoro ya chipu. Mnunuzi aliyetenganisha vifaa vyake alibadilisha kasha moja tu kila mara. Amplifaya zake, ambazo ndizo nzito na mara nyingi ndizo ghali, zilibaki mahali pake.

Hesabu ya nguvu huanzia kwenye spika na umbali wa kiti. Dukani wengi huanza na amplifaya, kisha hutafuta spika za kuifaa. Mpangilio huo umekaa kinyume. Watengeneza spika huandika wepesi wa spika kwa desibeli: kiwango cha sauti kinachosikika umbali wa mita 1 spika ikipewa volti 2.83, ambazo kwa spika ya omu 8 ni sawa na wati 1. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya 84 na 92. Mambo mawili ya kimaumbile hukamilisha hesabu. Kila nguvu inapoongezwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu. Na kila umbali unapoongezeka mara mbili mahali pa wazi, sauti hushuka desibeli 6.

Kiwango cha rejea cha kumbi za sinema ni wastani wa desibeli 85 kwenye kiti, na vilele hadi 105 kwa kila spika kuu. Njia ya besi pekee huruhusiwa kufika 115. Chukua spika ya desibeli 88 iliyo mita 4 kutoka kwenye kochi. Umbali huo hupunguza desibeli 12, kwa hiyo ili kilele cha 105 kifike kochini, spika inapaswa kutoa 117 karibu yake, yaani 29 zaidi ya inachotoa kwa wati 1. Desibeli 29 ni takriban wati 800. Spika ya desibeli 94 mahali palepale ingetosheka na wati 200, na ile ya 98 ingehitaji wati 80 hivi. Tofauti ya desibeli 10 kwenye karatasi ya spika huamua kama chumba kinahitaji amplifaya ya mezani au mtambo wa kubebwa na watu wawili.

Hesabu hii ina huruma ndani yake. Kuta hurudisha sehemu ya sauti, kwa hiyo ndani ya chumba upungufu wa umbali ni mdogo kuliko uwanjani. Desibeli 3 zikiokolewa hapo, zile wati 800 zinakuwa 400. Halafu ni wachache wanaotazama filamu kwa kiwango cha rejea. Kwa chumba cha nyumbani kiwango hicho ni cha kuchosha, na majirani wana maoni yao. Anayeshusha desibeli 10 anahitaji sehemu ya kumi ya nguvu. Nafuu ya tatu hutoka kwa sabufa, ambayo kwa kawaida ina amplifaya yake ndani. Mpango wa THX ulioanzishwa Lucasfilm mwaka 1983 chini ya mhandisi Tomlinson Holman, ulipoingia majumbani, uliweka mpaka wa hezi 80: chini yake sauti huenda kwenye sabufa, juu yake hubaki kwa spika kuu. Besi ndiyo hula umeme kuliko kitu kingine chochote, hivyo mpaka huo huzitua amplifaya kuu mzigo mkubwa. Kwa chumba cha kawaida chenye spika za desibeli 88 hadi 90, wati 150 hadi 200 za kweli kwa kila chaneli ya mbele zinatosha, na akiba hubaki.

Neno “za kweli” lina kazi hapo. Katika maduka ya Kariakoo au Luthuli Avenue si ajabu kukuta redio ndogo yenye kibandiko cha maelfu ya wati za PMPO, kipimo ambacho hakina kanuni yoyote nyuma yake na ambacho plagi ya ukutani isingeweza kukilisha. Daraja la juu halina PMPO, ila lina ujanja wa heshima zaidi. Risiva inaweza kutangazwa wati 150 kwa chaneli, zikiwa zimepimwa kwa chaneli moja tu, kwa mlio mmoja wa hezi 1,000, kwenye spika ya omu 6, na mkwaruzo ukiachwa ufike asilimia 10. Chaneli zote 7 zikifanya kazi pamoja, transfoma moja iliyomo ndani huzigawia kidogo ilicho nacho. Marekani ililazimika kutunga kanuni ya serikali mwaka 1974 kudhibiti matangazo ya wati za amplifaya. Karatasi ya kuaminika hutaja mambo manne pamoja: wati ngapi, kwenye omu ngapi, kuanzia hezi 20 hadi 20,000, kwa mkwaruzo wa asilimia ngapi, huku ikisema chaneli ngapi zilikuwa zikisukumwa kwa wakati mmoja. Likikosekana moja, namba iliyobaki ni tangazo.

Omu zinastahili kuangaliwa peke yake. Ukinzani wa spika si namba moja. Hupanda na kushuka kulingana na mlio, na spika inayoandikwa omu 8 inaweza kushuka hadi 3 mahali fulani kwenye besi ya juu. Volti zikiwa zilezile, ukinzani ukipungua kwa nusu, mkondo huongezeka mara mbili. Amplifaya inayotoa wati 200 kwenye omu 8 na kukaribia 400 kwenye omu 4 inaonyesha kuwa usambazaji wake wa umeme hauna njaa. Ile inayotoa 200 kwenye omu 8 na 220 kwenye omu 4 itahema pale spika ngumu itakapoibana. Amplifaya ikifika mwisho wa uwezo, vilele vya mawimbi hukatwa bapa, sauti “inapasuka,” na nishati ya ziada ya juu huelekea kwenye twita. Ndiyo maana twita nyingi huunguzwa na amplifaya ndogo iliyolazimishwa, na si kubwa iliyotumiwa kwa adabu.

Kuhusu aina za saketi, ubishi ni mwingi kuliko faida yake. Daraja A huacha transista zikipitisha mkondo wakati wote, hata filamu ikiwa kimya, na hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Kwa chaneli 11 katika chumba kilichofungwa madirisha, ni mateso. Daraja AB ndilo lililotawala kwa miongo mingi: hupoteza kiasi, ni rahisi kutengeneza, na fundi yeyote mzoefu analielewa. Uzito wake hutokana na transfoma na mapezi ya kupoza joto, na kilo 30 au 40 kwa amplifaya ya chaneli nyingi ni jambo la kawaida. Daraja D huwasha na kuzima transista mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na ufanisi wake hukaribia asilimia 90. Zile za mwanzo zilikuwa na sauti kavu, na sifa hiyo mbaya bado inazifuata. Kazi ya mhandisi Mbelgiji Bruno Putzeys, aliyepitia Philips, kisha Hypex ya Uholanzi na baadaye Purifi ya Denmark, imefuta sababu ya malalamiko hayo: moduli hizo hupima mkwaruzo mdogo kuliko amplifaya nyingi za AB za bei maradufu. Marantz ilipotoa AMP 10 yenye chaneli 16, ilichagua daraja D. Kwa mfumo mpya wenye chaneli nyingi katika nchi ya joto, ni vigumu kupata sababu nzuri ya kulikwepa. Za vali ni raha ya muziki wa stirio, sinema hazizihitaji.

Je, amplifaya mbili nzuri zina sauti tofauti? Mwaka 1985 mtengenezaji wa Marekani Bob Carver aliwaambia wahariri wa jarida la Stereophile, akiwamo mwanzilishi wake J. Gordon Holt, kwamba angeirekebisha amplifaya yake ya transista ilingane na ya vali ya bei kubwa waliyoichagua wao. Alifanya kazi hiyo hotelini kwa siku chache, akipima tofauti ya mawimbi ya amplifaya hizo mbili na kuipunguza hatua kwa hatua, na mwishowe wahariri hawakuweza kuzitofautisha kwa masikio. Tukio hilo linajadiliwa hadi leo. Linaloeleweka ni kwamba amplifaya zikiwa na mkwaruzo mdogo, zikilinganishwa kwa sauti ileile na zikiwa hazijafika ukingoni mwa uwezo wao, tofauti inayobaki ni ndogo mno ukiilinganisha na ile inayoletwa na spika, na ndogo zaidi ukiilinganisha na ile inayoletwa na chumba.

Chumba ndicho kinachohalalisha bei ya prosesa. Sebule yenye urefu wa mita 5 huvuma yenyewe karibu na hezi 34, kwa kuwa nusu ya urefu wa wimbi hilo ndiyo inayojaa kati ya kuta mbili. Anayeketi katikati kabisa ya chumba hicho hataisikia besi hiyo, ilhali aliye karibu na ukuta wa nyuma itamtikisa. Ushauri mwingi unaochapishwa Marekani hudhani nyumba za fremu za mbao na bodi za jasi, ambazo kuta zake huvujisha besi nje. Nyumba za matofali ya saruji zenye sakafu ya vigae, kama zilivyo nyingi Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, huizuia ndani. Mavumo huwa marefu na makali zaidi, na mwangwi wa sauti za juu huingilia mazungumzo ya wahusika. Zulia nene, mapazia mazito na kochi la kitambaa hufanya kazi ambayo hakuna kifaa cha umeme kitakachoifanya kikamilifu.

Kinachobaki baada ya hapo ni cha prosesa. Maikrofoni huwekwa kwenye viti mbalimbali, kila spika hutoa mlio wa majaribio, na programu hupima kiwango, muda na mwitikio. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika iliyo mita 1 karibu zaidi hucheleweshwa takriban milisekunde 3 ili zote zifike pamoja. Audyssey ya Los Angeles, Dirac Live ya Uppsala nchini Uswidi, ARC ya Anthem na Optimizer ya Trinnov ya Ufaransa ndizo zinazotajwa zaidi. Tofauti kati yao ni kubwa kuliko tofauti kati ya amplifaya, hasa chini ya hezi 300, mahali chumba kinapotawala. Zilizo bora huratibu sabufa mbili, tatu au nne zisaidiane kusawazisha besi kwenye viti vyote. Anayelinganisha prosesa mbili na aanzie hapo, kabla hata ya kuuliza juu ya chipu za kubadilisha data kuwa mawimbi, ambazo karibu zote siku hizi zinatosha.

Usahihishaji huo una mpaka unaorudi kwenye amplifaya. Kilele cha mvumo kinaweza kushushwa bila gharama. Shimo haliwezi kuzibwa kwa nguvu: kuinua desibeli 10 mahali sauti inapojifuta ni kudai wati mara 10, na bado shimo hubaki, kwa sababu wimbi linaloongezwa hukutana na mwangwi wake ulioongezeka vilevile. Kusogeza kochi nusu mita hufanya zaidi.

Idadi ya chaneli huandikwa kwa namba tatu. Katika 7.1.4, saba ni spika za usawa wa masikio, moja ni njia ya sabufa na nne ni za darini. Amplifaya zinazohitajika ni 11. Prosesa za chaneli 16 zinafaa vyumba vyenye safu mbili za viti. Trinnov Altitude32, ambayo ndani yake ni kompyuta hasa, hufika 32 kwa makumi ya maelfu ya dola, bei ya watu wanaojenga jumba la sinema lenye mlango wake. Kwa sebule ya mita 4 kwa 5, mfumo wa 5.1.4 uliopangwa vizuri huushinda wa 9.1.6 uliobanwa. Fedha zinazookolewa ziende kwenye sabufa ya pili.

Vifaa viwili vikishachaguliwa, lazima viafikiane. Kipimo cha ukuzaji ambacho THX ilikipendekeza kwa amplifaya ni desibeli 29, yaani volti kuzidishwa mara 28 hivi. Wati 200 kwenye omu 8 ni volti 40, kwa hiyo amplifaya kama hiyo hufika mwisho ikipokea volti 1.4. Prosesa inayotoa volti 2 bila mkwaruzo inaimudu kwa urahisi. Baadhi ya amplifaya za daraja D zina ukuzaji mdogo na hutaka volti 2 au zaidi. Zikiunganishwa na soketi za RCA za prosesa dhaifu, mfumo wote hukosa nguvu ingawa kila kifaa ni kizima. Ukuzaji ukizidi, spika nyepesi hutoa mchuruziko unaosikika chumba kikiwa kimya. Kebo za XLR hubeba mawimbi yaleyale kwa waya mbili zilizo kinyume, na kelele iliyoingia njiani hufutika mwishoni. Kwa kebo ya mita 5 au 10 kuelekea amplifaya zilizo karibu na spika, hizo ndizo za kuchagua. Kwa nusu mita ndani ya kabati, RCA ya bei ya wastani haina kosa.

Si lazima kuruka moja kwa moja hadi kwenye vifaa vilivyotengana. Risiva yenye soketi za kutolea mawimbi ya priamplifaya inaweza kuachiwa spika za pembeni na za darini, huku amplifaya ya chaneli 3 ikichukua zile za mbele: kushoto, kati na kulia. Spika ya kati hubeba karibu mazungumzo yote ya filamu, na zote tatu zinastahili amplifaya moja ili sauti inayovuka kioo isibadilike tabia njiani. Mpangilio huu, kwa bei yake, hauna mshindani. Mpenzi wa muziki anaweza kuongeza priamplifaya ya stirio yenye njia ya kupitisha sinema: akisikiliza santuri hutumia priamplifaya hiyo, na filamu inapoanza hupitisha tu mawimbi ya prosesa bila kuyagusa.

Umeme huamua yaliyobaki. Afrika Mashariki hutumia volti 230 hadi 240 kwa hezi 50. Kifaa kilichonunuliwa Marekani, kwenye volti 120 na hezi 60, kinaweza kuwa na transfoma isiyobadilishika. Na hata kikiwekewa transfoma ya kushusha volti, hezi 50 huipasha joto zaidi transfoma iliyobuniwa kwa 60. Vifaa vinavyopitia Dubai havina tatizo hilo, kwa kuwa umeme wa kule ni wa hezi 50 na volti zinakaribiana. Plagi ya pini tatu ya ampea 13 hupitisha takriban wati 3,000, na hiyo inatosha amplifaya ya 7 × 200, kwani vilele vya filamu huzidi wastani kwa desibeli 20: chaneli inayopiga kilele cha wati 200 hutumia wastani wa wati 2. Kinachoangusha swichi ya usalama ni mshtuko wa kuwasha transfoma kubwa ya duara, na amplifaya nzuri huwa na saketi ya kuupunguza.

Volti zikishuka asilimia 10, amplifaya ya AB hupoteza karibu asilimia 19 ya nguvu, chini ya desibeli 1, na hakuna anayetambua. Prosesa ndiyo huumia, kwa kuwa ni kompyuta: kukatika kwa umeme katikati ya kusasisha programu kunaweza kuiua. UPS ndogo iwekwe kwenye prosesa, na amplifaya ipewe kinga ya radi na ya volti kupanda ghafla. Kuunganisha amplifaya ya wati 1,400 kwenye stabilaiza ya wati 500 ni kuikaba koo. Sentimita 10 au 15 za nafasi huru juu ya mapezi ya kupoza ni za lazima, na ukanda wa pwani unadai zaidi, kwa sababu hewa ya chumvi hula soketi na vumbi lenye unyevu huganda kwenye feni.

Kuwasha kuna utaratibu: prosesa kwanza, amplifaya mwisho, kuzima ni kinyume chake, ili mishtuko ya prosesa isifike kwenye spika ikiwa imekuzwa mara 28. Waya mwembamba wa volti 12 kutoka kwenye soketi ya trigga ya prosesa huifanya kazi hiyo wenyewe, na amplifaya isiyo na soketi hiyo italazimika kuwashwa kwa mkono kila jioni.